Msaada: pedeli ya breki ya Kombi inazama, na Ijumaa nina safari ya Lushoto

KombiYaBaba: Wakuu, habari za jioni. Nina Kombi ya VW ya zamani, ile yenye kitanda na sinki nyuma, mzee aliniachia. Kadi inasoma 1974. Nikikanyaga breki inashika, ila nikiendelea kushikilia, mfano nikisimama kwenye mlima, pedeli inashuka taratibu mpaka karibu na bodi. Nikipampu inarudi juu. Nimefungua dramu zote nne, kavu. Mabomba makavu. Ijumaa napeleka familia Lushoto kwenye harusi. Je, nikifunga masta silinda mpya (ile pampu ya pedeli inayosukuma mafuta ya breki) nitakuwa salama? Nimeshailipia Arusha. Usingizi sina.

Spana13: Kama nje ni kavu na kopo la mafuta ya breki halipungui, inavuja ndani kwa ndani. Raba za pistoni za masta zimechoka, mafuta yanapita pembeni na kurudi kwenye kopo. Hakikisha hivi: kanyaga polepole sana, kisha kanyaga kwa ghafla. Ikizama ukienda polepole na kushika ukienda ghafla, ni masta. Ikinesanesa, ni upepo ndani ya mabomba. Ikienda chini mara ya kwanza halafu ikatulia hapo, viatu vya breki viko mbali na dramu, vikazwe tu.

FundiMwanafunzi: Angalia busta mkuu, ile inayoongezea mguu nguvu kwenye breki.

BintiWaSoni: Mimi nimekulia Soni, barabarani kabisa. Malori ya kabichi yakishuka kwenda Mombo, harufu ya breki kuungua inaingia mpaka jikoni. Marehemu babu alikuwa anaweka mawe makubwa kando ya kona, kwa ajili ya kuzuia matairi ya waliozidiwa. Kaka, kupanda siyo shida, shida ni kushuka. Watoto usiwapakie humo.

Mpigadebe: Uza hiyo Kombi ununue Noah. Kitanda kipo nyumbani.

Spana13: Mleta uzi, hii hali ilianza lini? Na nani wa mwisho kugusa breki?

KombiYaBaba: Juzijuzi, baada ya fundi wa Himo kutoa upepo. Kopo lilikuwa chini, akajaza.

Spana13: Akajaza nini?

KombiYaBaba: Ya stelingi, ile nyekundu. Maduka yalikuwa yamefungwa. Lakini ni kidogo, haifiki kikombe cha kahawa, na breki zilinifikisha nyumbani. Naona masta mpya inatosha, mengine nitayafanya nikirudi.

Spana13: Ungeanza na hilo, kaka. Raba za breki zimetengenezwa kwa ajili ya fluidi ya DOT, yaani mafuta maalumu ya breki. Mafuta ya stelingi yanatokana na mafuta ghafi, yanazivimbisha na kuzilainisha. Fungua kifuniko cha kopo uangalie ile raba yake: kama imepanuka, imejikunja na haikai tena kwenye mfereji wake, basi raba za ndani nazo zimeshaanza kuwa hivyo. Na huyo fundi, kama alipampu pedeli mpaka chini wakati wa kutoa upepo, raba zilipita sehemu ya silinda ambayo haijaguswa miaka mingi, yenye kutu. Hapo zinachanika.

Ukifunga masta mpya peke yake, mafuta yaliyobaki kwenye mabomba yataiharibu na hiyo. Badilisha masta, raba za silinda zote za magurudumu na mabomba ya mpira. Ya chuma yaoshe kwa spiriti, uyapulize yakauke kabisa. Kisha DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 155. Kwa kona za Soni hiyo tofauti ni kubwa.

ChumaChaPua: Samahani, hii naona ni chai. Kombi ya 1974 ina disc mbele (sahani badala ya dramu), Volkswagen waliziweka kuanzia modeli ya 1971. Hizo dramu nne umezifungua kwenye gari gani? Na picha hakuna.

Mpigadebe: Nilijua tu. Uzi bila picha!

KombiYaBaba: Siwezi kutunga uongo juu ya breki ambazo wanangu wanazitegemea. Mbele ni dramu. Nimekwenda sasa hivi na tochi kusoma namba ya chesisi kwenye chumba cha injini, inaanza 2302.

ChumaChaPua: 230? Basi ni modeli ya 1970. Tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa modeli, 0 ni 1970. Hiyo 1974 kwenye kadi itakuwa mwaka iliposajiliwa hapa. Nakuomba radhi, dramu nne ni sahihi, na busta haikuja nayo. Masta uliagiza ya mwaka gani?

KombiYaBaba: Wa kwenye kadi.

Spana13: Hiyo ni ya gari la disc. Usiifunge, ndani hazifanani.

KombiYaBaba: Dukani wanasema kitu kikiuzwa hakirudi. Basi mama na watoto wapande basi. Mimi naweza kuipeleka mdogomdogo, gia ya pili na hendibreki.

BintiWaSoni: Kaka!

Spana13: Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu, na gari likishuka uzito wote uko mbele. Niko Majengo hapa Moshi. Kesho saa kumi na moja nikitoka kazini nakuja tufungue kopo pamoja. Risiti ya hiyo masta iweke karibu, nitazungumza nao dukani.

KombiYaBaba: Nakutumia namba inbox.