Ulinganisho: Rivyu za tivi, ipi imewahi kukusaidia kweli kabla hujatoa pesa?

MkaziWaLangoni (Amu)

Asalaam aleikum wanabaraza. Tivi ya mama imekufa wiki iliyopita. Sisi ndugu tumechanga tukapata 38,000, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua nyingine, inchi 43. Usiku wa nne huu nasoma rivyu mpaka macho yananiuma. Habari ni nyingi, ila zinapingana. Nazipanga hapa nilivyoziona, nanyi mnisahihishe.

Kuna za vipimo. RTINGS wa Canada wananunua tivi kwa pesa zao wenyewe, hawangoji kupewa na kampuni, halafu wanapima mwangaza, weusi, rangi na pembe ya kutazamia, yote kwa namba. Consumer Reports wa Marekani, shirika la tangu 1936, nao hununua dukani kama mimi na wewe. Uaminifu wao sina shaka nao. Tabu ni kwamba modeli nyingi wanazopima hazifiki kwetu, na hata jina likifanana, herufi za mwisho za modeli zikibadilika huenda ndani mna kioo kingine kabisa. Isitoshe, tivi ya soko la Marekani imetengenezwa kushika mawimbi ya ATSC, mfumo wao wa dijitali, na sisi tangu analojia izimwe 2015 tuko kwenye mfumo mwingine, DVB-T2. Basi nasoma namba za tivi ambayo pengine sitaiona kwa macho.

Kuna za YouTube. Dakika kumi na mbili, tano zimeishia kwenye boksi, miguu na rimoti. Mwishoni anasema picha ni kali sana. Kali kuliko ipi? Hasemi.

Halafu kuna maoni ya wanunuzi kwenye maduka ya mtandaoni. Nyota tano: "Nzuri, imefika haraka." Hapo amesifiwa aliyeleta mzigo, tivi yenyewe sijaambiwa neno.

Ipi kati ya hizi imewahi kukusaidia, na kwa jambo gani hasa?

Fundi_wa_Maweni (Malindi)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi nasema kama mtu anayezifungua.

Tivi zinazofika mezani kwangu zina ugonjwa mmoja mkubwa: sauti ipo, picha hakuna. Nazima taa za kibanda, namulika tochi karibu kabisa na kioo, na hapo namwona mtangazaji yuko pale pale anasoma habari, hafifu kama kitu kilichozama majini. Kioo kizima, bodi nzima. Kilichokufa ni taa za LED zilizopangwa nyuma ya kioo. Huwa ni mstari wa vitaa, kimoja kikiungua na vingine vinazimika.

Rivyu ya siku ya kwanza haiwezi kukuambia hilo. Ndiyo maana nawaheshimu hao RTINGS kwa jambo moja: mwishoni mwa 2022 walianza kuwasha tivi 100 kwa maelfu ya saa, waone zinavyochakaa na zinavyokufa. Hizo taa za nyuma zilikuwa kati ya vilivyoharibika, na tivi nyembamba zenye taa upande mmoja wa ukingo ziliumia kwa sababu joto linarundikana mahali pamoja. Niliposoma hayo nikaona wanaongea lugha yangu. Modeli si zetu, lakini joto ni lile lile.

Na sisi wa pwani tuna la ziada, chumvi. Tivi iliyokaa sebule inayotazama bahari, ukiifungua baada ya miaka mitatu unakuta kutu ya kijani kwenye pini za ule utepe unaoingia kwenye kioo. Picha inaanza kuleta mistari, mwenyewe anadhani kioo kimepasuka. Nasafisha kwa spiriti na brashi laini, wakati mwingine inarudi. Aliyejaribu tivi ghorofa ya nne Nairobi hilo hana habari nalo, na simlaumu. Ndiyo sababu swali langu la kwanza kwa kila rivyu ni hili: huyu mtu alikaa nayo muda gani, na wapi?

BintiShela

Kaka wa Langoni, za YouTube usizitupe zote. Mimi niliokolewa na moja.

Mama mmoja, nadhani yuko Tanga kwa lafudhi yake, aliirekodi tivi yake sebuleni saa saba mchana, mlango wazi, dirisha wazi. Ukawaona watoto wanaopita nje wakijitokeza kwenye kioo kuliko picha yenyewe. Hakupima chochote, lakini nilielewa pale pale kwamba nyumbani kwetu, mlango unashinda wazi mpaka magharibi, tivi ile hainifai. Baada ya mwaka akaleta video ya pili: rimoti imeanza kukwama, na kuwaka inachukua muda mrefu kuliko zamani. Video mbili hizo zilinifunza zaidi ya ishirini za vijana wanaofungua maboksi.

Angalia pia kama msemaji ametaja kwamba tivi alipewa bure. Aliyepewa anaweza kusema kweli, sikatai, lakini anayelipa kwa pesa yake ana uchungu mwingine. Wenzetu Marekani wamefika mpaka kutunga kanuni mwaka 2024 ya kupiga marufuku rivyu za uongo na za kununuliwa, kwa hiyo jambo hili si dogo.

Nililiwa mara moja kwa neno "smart". Duka lilisema ina kila kitu. Kufika nyumbani, Netflix inafunguka kwa kuzungushazungusha, baada ya miezi minne ikagoma kabisa, na duka likasema hilo si juu yao. Kumbe kuna tivi zenye Android ya bure isiyoidhinishwa na Google, na kuna zenye Google TV iliyoidhinishwa, na boksi zote zinaandikwa smart. Tangu siku hiyo rivyu isiyotaja mfumo kwa jina lake naipita.

Nahodha_wa_Bandani (Malindi)

Naonyesha mpira, viti arobaini, basi nisikilizeni mimi kwa upande wa namba, maana naona zinaonewa.

Maboksi yana namba za uongo, hilo kweli. "Motion 200" kwenye kioo cha hezi 60, yaani kinachobadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde. "HDR10" maana yake tivi inaipokea ile ishara ya picha yenye mwangaza mkali zaidi, si kwamba ina mwangaza wa kuionyesha. Tivi nyingi za bei ya chini zinaishia niti (kipimo cha mwangaza) 250 au 300, na kwa mwangaza huo hutaona tofauti yoyote. Mtu wa kukutenganishia namba ya boksi na namba ya kweli ni yule mwenye kipimo mkononi. Macho ya YouTube hayawezi, kwa sababu unatazama tivi yake kupitia kamera yake kupitia simu yako.

Namba iliyonifaa mimi ni pembe. Vioo vya LCD vingi ni vya aina mbili, VA na IPS. VA ina weusi mzito, tofauti ya weusi na weupe inafika 3,000 kwa 1 au zaidi, IPS ni kama 1,000 kwa 1. Ukikaa katikati usiku, VA ni tamu. Lakini sogea pembeni, hata nyuzi 30 tu, rangi zinaanza kupauka, jezi nyekundu inakuwa ya waridi. Nilinunua VA bila kujua. Waliokaa benchi la pembeni walilalamika msimu mzima, na mimi nikidhani ni dikoda.

Duka halitakuambia ni VA au IPS. Rivyu ya vipimo inakuambia.

Mzee_wa_Mkomani

Vijana, mmetaja pembe, nami nataka kusema juu ya nyumba.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti. Boriti ya mkoko ndiyo inayobeba dari, na urefu wake ndio upana wa chumba: mita mbili na nusu, ikizidi ni karibu tatu. Urefu wa msana, chumba chenyewe hicho kirefu, unaweza kufika mita saba. Tivi ukiiweka ukuta mrefu, katikati, wanaokaa mbele yake ni watatu au wanne. Waliobaki wako mkekani kushoto na kulia, mpaka mwisho wa chumba. Mimi nimepima kwa kamba nyumbani kwangu. Mke wangu anapopenda kukaa, karibu na zidaka (vishubaka vya ukutani), ni mita tatu kando ya tivi na mita mbili na robo kutoka ukutani. Mjukuu akanipigia hesabu, ni zaidi ya nyuzi 50. Yeye ndiye anayetazama kuliko sote, naye ndiye anayeiona vibaya kuliko sote.

Rivyu zote nilizosomewa zinamweka mtazamaji kwenye kochi, mbele ya tivi. Sisi hatukai hivyo. Anayeandika rivyu aseme watu walikaa wapi.

MkaziWaLangoni (Amu)

Mzee wangu, shikamoo. Hili lako limenifumbua macho, maana mama naye hukaa pembeni, mlangoni, apate upepo.

Na limenifanya nipige hesabu nyingine. Nilikuwa naumia kichwa juu ya 4K, ile yenye matone ya picha mara nne ya Full HD. Inchi 43 ya Full HD, tone moja la picha ni kama nusu milimita. Jicho zima haliwezi kulitenga tone hilo ukikaa zaidi ya mita 1.7 hivi. Mama anakaa zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo hayo matone ya ziada hatayaona, na vituo vyetu vya bure havirushi 4K. Ukitaka kuipata mtandaoni, Netflix wenyewe wanasema inakula mpaka GB 7 kwa saa, wakati HD ni mpaka 3. Kwa bando za simu? Rivyu zote nilizosoma zilinisukuma kwenye 4K, hakuna hata moja iliyoniuliza nakaa umbali gani.

MwanaSiyu

Mimi niongeze moja tu, la wati. Sisi nyumbani ni sola na betri ya volti 12, Ah 100, na betri ya maji hutakiwi kuimaliza, nusu yake ni kama Wh 600, yaani wati 600 kwa saa moja. Tivi ya wati 80 kupitia inveta inamaliza hizo kwa saa sita na kitu, bila taa, bila simu. Inchi 32 ya volti 12 ya moja kwa moja inakula nusu ya hapo au chini.

Lebo ya nyuma inaandika kiwango cha juu kabisa, si kile inachokula ukitazama taarifa ya habari. Rivyu iliyopima wati halisi, mwangaza ukiwa juu na ukiwa wa wastani, kwangu ina thamani kuliko yote mliyoyataja. Nimeona chache sana. Na tivi hizi za volti 12 hakuna anayezipima, tunazinunua gizani.

BintiShela

@MwanaSiyu ukiwa na ya volti 12, tuandikie wewe basi. Muda gani unayo, inakata saa ngapi usiku, betri ya namna gani. Itawafaa watu mpaka Kizingitini.

MwanaSiyu

Inshallah, nitaandika Jumapili. Mwaka wa pili sasa.

Fundi_wa_Maweni (Malindi)

Na maoni ya wanunuzi msiyadharau, ila yasomeni kwa kuyachagua. Mimi naruka nyota tano, nasoma za nyota mbili na tatu, tena za zamani. Kumi wakiandika kila mmoja kwa lugha yake kwamba picha imeingia giza upande mmoja baada ya miezi minane, hiyo ni dalili, wala sihitaji maabara. Mmoja akisema "mbovu" bila kueleza, huenda umeme wa kwao ndio uliopiga. Huku kwetu umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi kwa kishindo, na aliyechomeka tivi moja kwa moja ukutani bila kifaa cha kuilinda ataandika kwamba kampuni ni mbaya.

MkaziWaLangoni (Amu)

Nimerudi jana jioni, nawapa yaliyotokea.

Nilivuka mpaka Mokowe, dukani. Kwenye flashi nilikuwa na video moja ya mpira na moja ya maulidi niliyorekodi mwenyewe kwa simu, kanzu nyeupe nyingi na taa za usiku. Nikamwomba mwenye duka aziweke kwenye tivi tatu kwa zamu na aondoe ile hali ya duka inayokoleza rangi. Hakukataa. Nikasimama katikati, kisha nikaenda hatua nne kushoto, kama anapokaa mama. Tivi ya kwanza, ambayo YouTube wameisifu kuliko zote, kanzu zikageuka kijivu na nyuso zikapauka. Ya tatu zikabaki vile vile, japo katikati weusi wake haukuwa mzito kama wa ile ya kwanza. Nikapiga picha namba kamili ya modeli nyuma, nikakaa kivulini jetini nikaitafuta yote mpaka herufi ya mwisho. Vipimo sikupata. Nikapata wanunuzi sita, wawili wao wa zaidi ya mwaka, na hakuna aliyetaja giza. Ni Full HD, Google TV, dhamana miaka miwili. 31,500.

Nimeilipia. Naivusha kesho asubuhi. Fundi, boksi kwenye boti nililaze au lisimame?

Fundi_wa_Maweni (Malindi)

Lisimame, usilaze hata kidogo. Likilala kioo kinabeba uzito wake chenyewe, na boti ikiruka wimbi moja linatosha. Lifunge pembeni mwa siti, si mbele kwenye marasharasha ya maji, na ulifunike kwa turubai. Hamali naye mwambie asilibebe kichwani. Ukifika, kabla hujaiweka ukutani, iwashe kwa skrini nyeupe tupu uangalie pembe zote nne, halafu shusha mwangaza kutoka 100 mpaka 60 hivi. Hiyo 6,500 iliyobaki nunua kifaa cha kulinda umeme leo hii, usingoje mwisho wa mwezi.

Mzee_wa_Mkomani

Na uandike tarehe uliyoiwasha. Mwakani tutakuuliza.