Yule jamaa wa vyombo Kariakoo leo kaniambia nikaipake PODA. Poda wakuu!

Salamu baadaye. Nimeshuka kwenye daladala sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Yule jamaa wa vyombo vya muziki Kariakoo mnamjua. Simtaji, modi wa jukwaa hili asije akanifungia. Yule mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso tangu asubuhi mpaka anafunga duka, haijawahi kushuka hata akisoma bei. Kila mwanamuziki wa jiji hili ameshaacha pale hela na machozi.

Leo, mbele ya wateja sita, wawili kati yao mabinti wa kwaya ya jirani, kaniambia: "Mzee, kaipake poda."

PODA.

Ngoja nianze mwanzo. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu huku Mbagala mwaka wa tisa huu. Besi yangu ni ile ya kawaida, urefu wa uzi inchi 34, nzito kama geti la mjumbe, na makonda wamenichosha nayo. Mmoja alinitoza nauli ya watu wawili, eti "huyo mwenzako kwenye begi naye kakaa." Sasa nilipoona ukulele besi mtandaoni, kidude kama gitaa dogo cha kubeba kwapani, uzi inchi 21 tu, halafu kinatoa noti E, A, D, G zile zile za besi kubwa, chini kule kule, nikasema Mungu ameuona mgongo wangu. Ile ya Kala, wale Wamarekani wa California, nilipoona bei nikafunga ukurasa taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu. Nikaanza kutafuta ya bei ya chini. Jamaa akasema anayo, laki tatu na nusu na begi lake.

Dukani ilipiga, sikatai. Aliichomeka kwenye spika linalonizidi urefu, akagusa ule uzi mnene kabisa mara moja tu, vioo vya kabati vikatetemeka na mimi nikatetemeka navyo. Nikatoa hela bila kuomba hata punguzo. Mimi! Ninayepatana bei ya fungu la mchicha mpaka mama wa watu ananiomba niondoke.

Nyumbani sasa. Zile si nyuzi wakuu. Nyuzi nazijua, nazijua mpaka harufu. Zile ni raba nyeusi, mpira wa manati kabisa, ule mnene ukiuvuta vizuri unaangusha kunguru. Kwa nyuma zimepigwa fundo kama kamba ya mbuzi. Unatuni, unakwenda kunywa maji, ukirudi imeshuka. Unatuni tena, mtu anabisha hodi, ukirudi imeshuka. Jumatano nzima nimeshinda na funguo kama nafungua bomba lililokwama.

Halafu inanata. Kidole kikitua hakitaki kuondoka, na ukikitelezesha kwenda noti nyingine inalia nyiiiik, kama kandambili mbichi kwenye vigae. Jumamosi mazoezini mwalimu alisimamisha wimbo katikati akauliza nani kaingia na kandambili zenye maji. Nikanyamaza. Nikaangalia dari.

Juzi ikafa sauti kabisa.

Ndiyo leo nikaenda, kwa adabu, nimechomekea mpaka shati. Nimemweleza yote hayo, na yeye hakuigusa. HAKUIGUSA. Anatafuna karanga. Akamaliza punje moja, akatafuta nyingine kiganjani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Mnazi Mmoja: "Mzee, kaipake poda." Kijana wake wa duka akacheka hadi akakalia boksi la kinanda. Na mmoja wa wale mabinti, kwa heshima zote, hiyo ndiyo iliyonimaliza, akaniuliza: "Baba, ni ya mjukuu?"

Nina miaka 43.

Nadai laki tatu na nusu yangu, mtu ananijibu poda, utadhani nimempelekea kichanga katoka kuogeshwa! Nimerudi Mbagala nimesimama njia nzima, kila nikifumba macho naona zile karanga.

Tumsusie. Na kama humu kuna mwanasheria aje PM.

Siti ya Mbele
Nimekaa pale. Karanga ninazo.

Kinu na Mchi
Mabinti wa kwaya ya jirani umewataja kabla hata hujatuambia umenunua nini. Tumeshajua panapouma.

Mzee wa Gongo la Mboto
Huyo huyo! Aliniuzia maiki isiyo na waya. Nimefika nyumbani nimefungua, kweli haina waya. Haina na kitu kingine chochote ndani.

Uzi wa Nne
Pole mkuu, ila kwenye poda jamaa kasema kweli. Hizo raba ni poliyurethani, zikikutana na jasho la vidole zinanata, na wapigaji wengi wa hicho kidude wanapaka poda ya mtoto, kidogo tu, kwenye vidole au kwenye uzi wenyewe. Ule mlio wa kandambili unapungua sana.

Kushuka nako ni kawaida kwa nyuzi mpya. Raba lazima ivutike kwanza, inaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki mbili. Ishike katikati, ivute juu polepole, tuni, vuta tena. Ikishamaliza kuvutika inatulia.

Na hiyo kufa sauti, umebadilisha betri?

Mleta uzi
Betri ipi?

Kinu na Mchi
"Betri ipi." Jamani nimemwaga chai.

Uzi wa Nne
Ubavuni, karibu na vile vitufe vya sauti na toni, kuna kimlango. Ndani betri ya mraba ya volti 9. Chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, kuna piezo, hiyo inanasa mtikisiko wa uzi lakini sauti yake ni dhaifu, inahitaji kusukumwa, na anayesukuma ndiyo betri. Ikiisha, kimya. Halafu ukimaliza kupiga chomoa waya. Nyingi ya hizi, waya ukilala kwenye jeki, lile tundu lake, betri nayo inaliwa usiku kucha.

Mleta uzi
Waya huwa siuchomoi ili nisisahau ulipo.

Sawa. Lakini hakuniambia kama kuna betri. Na hata kama poda ni kweli, kuna namna ya kumwambia mtu mzima poda. Unamvuta pembeni. Unasema "mkuu, kuna siri moja." Siyo unatafuna karanga halafu PODA mbele ya watu sita.

Mama Alto
Kaka samahani, wewe ndiye wa kandambili? Maana sisi Jumamosi ile tulimtoa nje mtoto wa mzee wa kanisa, akakaa kwenye ngazi nusu saa analia kwamba amevaa raba.

Mleta uzi
Dada sijui unazungumzia kwaya gani. Mbagala kwaya ni nyingi.

Mama Alto
Yenye mwalimu anayesimamisha wimbo katikati, ni moja tu. Jumamosi utamwomba radhi yule mtoto.

Pwani Asilia
Nyie wa bara hicho kitu mnakionea. Mimi nipo Unguja, nimekisikia kikipigwa na mtu mwenye subira. Ile raba inatoa sauti nene isiyo na chuma ndani yake, ukifumba macho unaisikia ile besi ya kusimama ya taarabu asilia, lile dude linalompita mpigaji kimo. Lakini kinataka nyama ya kidole, si ukucha, na pigia karibu na shingo inapoishia. Wewe bila shaka unakitandika kama sebene.

Mtoto wa Sebene
Sebene imekukosea nini? Mtu analalamika kaibiwa wewe unaleta taarabu.

Pwani Asilia
Hakuibiwa, kapewa nasaha bure akakasirika. Na sebene sikuitukana, nimesema haitoki hapo.

Mtoto wa Sebene
Inatoka popote penye vidole.

Wa Nairobi
Kwani Dar mnalia na besi inayopiga? Mimi niliagiza mtandaoni, picha ni ukulele besi, jina ni ukulele besi, kufungua boksi nikakuta ukulele baritoni ya kawaida, ile kubwa isiyo besi, nyuzi za nailoni, D, G, B, E. Kumwandikia muuzaji akajibu eti zina ukubwa mmoja, besi nitaongeza kwa spika. Nitaongeza!

Uzi wa Nne
Mwili kweli unaweza kulingana, wengi wanapigwa hapo. Usiangalie mwili, angalia uzi. Wa besi ni mnene kama waya wa chaja na funguo zake zina tundu kubwa. Na usijaribu kuifunga baritoni hiyo nyuzi za besi, haitapita hata kwenye tundu.

Wa Nairobi
Nilijaribu.

Mpangaji Chumba cha Uani
Swali kwa mleta uzi. Kwako nyumbani unaichomeka kwenye nini?

Mleta uzi
Sabufa. Amplifaya ya besi sina kwa sasa.

Mpangaji Chumba cha Uani
NILIJUA. Watu wa sabufa ndiyo mnaotuua huku mitaani. Jirani yangu anaianza saa kumi na moja alfajiri, ukuta ni wa tofali moja, kikombe changu cha chai kinatembea mezani chenyewe. Nimemwambia mwenye nyumba, mwenye nyumba kaja, kaisikiliza, kamuuliza kainunua wapi.

Mzee wa Gongo la Mboto
Bora wako anaanza alfajiri. Wa kwetu ana wimbo mmoja. Mmoja tu, tangu Pasaka.

Mleta uzi
Mimi napiga jioni tu na kwa sauti ndogo. Turudi kwenye mada wakuu. Karanga zile alizitafuna makusudi.

Kinu na Mchi
Wa kwetu umeme ukikatika anaihamishia kwenye betri ya gari.

Mpangaji Chumba cha Uani
Na mita ya LUKU ni ya pamoja! Tunagawana sawa kwa sawa, mimi nina taa mbili na chaja.

Siti ya Mbele
Ya pamoja? Huo sasa ndiyo uzi. Nahama kiti.

Mama wa Vyumba Sita
Mimi ni mwenye nyumba na nisikilizeni. Mita ya pamoja siyo shida, shida ni wapangaji wenye pasi. Mtu anasema ana taa mbili, ukiingia unakuta jagi la umeme liko moto chini ya kitanda.

Mpangaji Chumba cha Uani
Mama samahani, hizo nyumba zako ziko wapi?

Mleta uzi
Nimenunua betri hapa kwa Mangi, imewaka. Naomba kuuliza tu: hiyo poda inakuwa ya mtoto ile ya kawaida, au hata hii ya mke wangu yenye harufu inafaa?

Mama wa Vyumba Sita
Tabata. Kwa nini?

Mpangaji Chumba cha Uani
Nilikuwa nauliza tu mama.

Mzee wa Gongo la Mboto
Jagi la chini ya kitanda limenikumbusha, nani ana namba ya fundi sabufa asiye mwizi? Yangu inanguruma hata ikiwa imezimwa.