Naomba ushauri: nikarabati mtumbwi wa mbao au nihamie boti la faiba?

Wavuvi wenzangu habarini, wakubwa shikamooni. Navua perege na kambale Bwawa la Mtera, upande wa Dodoma. Mtumbwi wangu wa mbao nimeurithi kwa baba na naupenda. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, bado mzima, lakini mbao za chini zimeoza na mataruma, yaani mbavu zake, yamelegea. Nikiukalafati, yaani nikiziba nyufa kwa pamba, haupiti muda maji yanaingia tena. Fundi anashauri tung'oe mbao mbovu, tuweke za mninga.

Wenzangu wanasema faiba, ile plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo: haiozi, nyepesi, injini haili mafuta sana. Hofu yangu ni visiki. Mtera imejaa miti iliyozama tangu bonde lijazwe maji, na kiangazi kina kikishuka tunaburuta vyombo kwenye tope na mawe. Mbao ikitoboka naiziba palepale mwaloni. Faiba ikipasuka, nani wa kuitengeneza huku?

Fedha: kikundi chetu cha vijana tunafikiria mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo vijana tumetengewa 4. Ila deni juu ya bwawa linalopanda na kushuka linaninyima usingizi.

Aliyewahi kutumia faiba kwenye maji yenye visiki, ilidumu? Na ilipotoboka uliiziba kwa kutumia kitu gani?