Je, chama chetu cha korosho kiichangie QGIS?

Mkulima wa Masasi: Ndugu zangu, chama chetu cha msingi huchora ramani za mashamba kwa QGIS bila kulipia leseni, je, inafaa kutenga fedha za wanachama kwa programu inayotolewa bure?

Mchoraramani, Lindi: Lipelekeni suala hili kwenye mkutano mkuu. Michango ya kampuni na ya mtu mmoja mmoja hugharimia kurekebisha hitilafu na kuandika miongozo, kazi ambazo wanaojitolea huzikwepa. Ilipogundulika kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed mwaka 2014 katika OpenSSL, programu nyingine ya bure ya kusimba mawasiliano, ilibainika kuwa programu hiyo, iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikichangiwa takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Aibu!

Mhasibu, Mikindani: Hakikisheni kwanza kama benki yenu inaruhusu malipo ya nje ya nchi.

Mkulima wa Masasi: Asanteni, nitamwuliza mweka hazina.