Mgonjwa wa moyo katoka kupasuliwa: tuulize sababu ya kila chupa ya damu, au tumwachie daktari?

Aliyeanzisha, Chuno, Mtwara

Wakubwa shikamooni. Baba mkwe wangu alifunguliwa kifua Dar, akabadilishiwa valvu, yaani kile kimlango cha ndani ya moyo. Usiku wa pili akaongezewa chupa mbili za damu. Siku ya tatu moyo ukaanza kwenda ovyo, mara mbio, mara unajikwaa. Alipewa dawa, ukatulia, karudi nyumbani.

Sasa barazani wimbo ni mmoja: damu ya watu ndiyo iliyomvuruga. Timu ya damu salama ilipopita mtaani, shemeji zangu watatu wakajifungia ndani. Mama mkwe naye ana lake, eti chupa mbili ni ubahili, zilitakiwa nne. Mimi naona wote wanapotea. Hoja yangu ni kwamba ndugu wana haki ya kuuliza: damu yake imefika ngapi, na chupa hii ni ya nini? Mnasemaje?

Nesi mstaafu, Mikindani

Marahaba mwanangu. Siku ya pili na ya tatu ndizo siku za moyo kuyumba, hata kwa asiyetiwa tone. Ni vile vyumba vya juu vya moyo vinavyotetemeka badala ya kusukuma. Katika wagonjwa 10 waliopasuliwa moyo, watatu hivi humpata huyo mgeni, na wazee zaidi. Moyo umeshikwashikwa, umevimba, madini ya potasi yameshuka mwilini, damu iliyovujia kifuani nayo inauchokoza. Msiisingizie chupa peke yake.

Mchangiaji, Newala

Mama, na heshima zako, lakini tafiti nyingi zimeona waliotiwa damu huvurugikiwa mapigo kuliko wasiotiwa. Damu iliyokaa kwenye friji si sawa na ya mwilini. Hilo nalo tulifunike?

Nesi mstaafu, Mikindani

Tusilifunike, tulipime. Anayetiwa damu ni nani? Aliyevuja sana, mzee, aliyekaa mezani saa nyingi. Huyo moyo ungemsumbua hata bila chupa. Wodini wenye dripu huzidiwa kuliko waliokuja kusalimia, sasa utailaumu dripu?

Aliyeanzisha

Ndiyo maana mimi nayaamini zaidi majaribio ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Lililotoka 2017 lilikuwa na wagonjwa wa kupasuliwa moyo kama 5,000 katika nchi 19. Kundi moja liliongezewa damu pale hemoglobini, ile namba ya kupima wingi wa damu, iliposhuka chini ya 7.5, jingine chini ya 9.5. Vifo, kiharusi, shambulio la moyo na figo kufeli havikuzidi kwa waliosubirishwa hadi 7.5. Na kati ya hao waliosubirishwa, waliotiwa damu walikuwa 52 hivi katika kila 100, kwa wenzao 73. Mama mkwe nimemsomea hizo namba. Kanyamaza kidogo, kisha kaniuliza kama hao wazungu nao wanakula muhogo.

Mchangiaji, Newala

Umeruka la Uingereza la 2015. Kiwango karibu hichohicho, 7.5 kwa 9, na ndani ya miezi mitatu waliosubirishwa walikufa zaidi kidogo. Mzee aliyebadilishwa valvu usimchezee.

Aliyeanzisha

Kweli, nimelikwepa. Lakini halisemi "mpe nne". Linasema mtazame mgonjwa, usiitazame namba tu: anahema vipi, presha ikoje, bado anavuja? Ndiyo maana nikasema tuulize. Sikusema tukatae.

Mchangiaji, Lindi mjini

Nyie mnabishana juu ya chupa ya tatu, huku kwetu tunahangaikia ya kwanza. Mtoto wa dada yangu alipungukiwa damu kwa malaria, tukazunguka mtaa mzima kutafuta wa kujitolea. Na ndugu gani atamuuliza daktari saa nane za usiku? Ataambiwa "basi mtibu wewe."

Aliyeanzisha

Hapo kwa kujibiwa vibaya umenigusa, maana na mimi nilijibiwa hivyohivyo. Ila chupa unayoitafuta wewe huenda ndiyo hiyo iliyotundikwa kwa mazoea kwa mtu mwenye damu 10. Mwanamume anatoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo haijazwi upesi.

Shemeji mkubwa kalegea, anasema atakwenda kutoa akimaliza korosho. Wawili bado wamefunga mlango. Endeleeni.