Re: Kupata vibarua kupitia LinkedIn, mnaanzia wapi?

Kutoka: Mdogo wenu wa Chikongola (sasa Leicester)

Kuchele jamani! Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za siku nyingi.

Nimefika huku Uingereza mwezi wa tisa kumfuata mume wangu, yeye yupo kwa viza ya kazi. Nyumbani Mtwara nilikuwa kwa wakala wa forodha, upande wa nyaraka za korosho. Mnajua wenyewe: minada ikianza Oktoba hulali, msimu ukiisha unabaki kuhesabu mabati ya paa. Huku nimeomba kazi za ofisini mpaka nimechoka. Kila mtu anataka uzoefu wa hapahapa. Nimeambiwa nijaribu kujitegemea, nitafute wateja LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi. Akaunti ninayo tangu chuo: picha ya mahafali na watu 41, karibu wote niliosoma nao. Naanzia wapi?

---

Kutoka: Kaka wa Shangani (Mtwara)

Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilikaa Leeds miaka tisa, nikarudi nyumbani, ila wateja wangu wengi bado wako huko. Nachora michoro ya majengo kwa kompyuta. Saa sita mchana ya Mtwara wakati wa baridi yao ndiyo saa tatu asubuhi ya Leeds, kwa hiyo wao wakifungua ofisi mimi nimeshatoka feri kununua samaki.

Nikwambie kwanza nilipopotea. Nilianza na zile tovuti ambazo mteja anatangaza kazi, halafu watu hamsini mnashindana kushusha bei. Wewe umetoka kwenye korosho, utanielewa nikikwambia ile ni kangomba. Mwenye shida anauza kwa kibakuli kabla ya mnada, na mnunuzi anajua kabisa kuwa ana shida. Nilichora nyumba ya ghorofa mbili kwa pauni 35. Siku nne! Mteja alinipa nyota tano, nyota hazinunui unga.

LinkedIn nayo haikuniletea mgeni hata mmoja mwanzoni. Mteja wa kwanza alikuwa fundi umeme niliyewahi kubeba naye maboksi kwenye ghala. Hakujua kama nachora. Aliona mchoro nilioweka, akanitumia ujumbe: kumbe wewe ndiyo kazi yako hii? Shemeji yake alikuwa anataka kuongeza chumba. Kwa hiyo usikimbilie wageni. Hao 41 waache walipo, kisha kaa na daftari uandike kila uliyewahi kufanya naye kazi: mkaguzi wa ubora, mtu wa meli, karani wa ghala, yule Mhindi aliyekuwa akikupigia usiku kuuliza kontena lake limefikia wapi. Watafute mmojammoja.

Kabla hujawatafuta, rekebisha ule mstari ulio chini ya jina lako. Una nafasi ya herufi 220. Usiandike "mchapakazi anayetafuta fursa". Hakuna anayeamka asubuhi akamtafuta mchapakazi, watu wanatafuta wa kuwatolea kero fulani. Andika kwa Kiingereza chepesi kwamba unaandaa na kukagua nyaraka za korosho na ufuta unaotoka Afrika Mashariki, uzitaje: hati ya shehena, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili, cheti cha ufukizaji. Mwagizaji mdogo ambaye kontena lake limewahi kulala bandarini kwa sababu uzito wa karatasi moja haulingani na wa karatasi nyingine, huo mstari atausoma mara mbili.

Ujumbe wa ombi la kuunganishwa kwa akaunti ya bure una herufi 200, na maombi yenye ujumbe ni machache kwa mwezi, usiyatapanye. Usiombe kazi kwenye salamu. Kwetu huingii uani kwa mtu ukaanza na habari ya deni. Kumbusha mlipokutana, sema sasa unafanya nini, basi. (Ila salamu za kwetu za kuuliza mpaka mbuzi usiwapelekee Waingereza, wataishia mstari wa pili.)

Na uwe unaandika kidogo. Mara moja kwa wiki, kosa moja la nyaraka na namna ya kulikwepa, bila kutaja mteja. Ile duara ya kijani ya kutafuta kazi mimi niliitoa kwenye picha. Kwa anayetaka kuajiriwa sawa, kwa fundi inamwambia mteja kwamba banda ni tupu.

---

Kutoka: Dada wa Nachingwea (Manchester)

Kaka amesema vizuri, ila amesahau karatasi, kawaida yake.

Mdogo wangu, ukiwa mwenza wa mwenye viza ya kazi unaruhusiwa kujiajiri. Wanafunzi mnaosoma hapa, tafadhali: viza ya mwanafunzi hairuhusu kabisa kujiajiri, hata kibarua cha saa mbili cha kutafsiri barua. Zile saa 20 kwa wiki ni za kuajiriwa. Nimeona kijana wa kwetu akijitangazia "huduma zangu" hadharani, nikampigia palepale afute.

Kodi: mwaka wao unaanza 6 Aprili. Mapato ya kujitegemea yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka huo, kabla hujatoa gharama, unajisajili HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, kabla ya 5 Oktoba inayofuata mwaka huo ukiisha, na ritani ya mtandaoni mwisho wake ni 31 Januari. Weka risiti kuanzia siku ya kwanza.

Na mteja yeyote anayekutaka ulipe "ada ya usajili" ndipo akupe kazi, huyo ni mwizi.

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Chikongola

Asanteni sana. Wiki tatu zimepita. Niliandika majina 23, nikawapata 14. Tisa wamenyamaza. Mkaguzi mmoja niliyefanya naye kazi bandarini amenijulisha kwa rafiki yake Birmingham anayeagiza korosho zilizobanguliwa. Ana nyaraka za kontena mbili anataka nizipitie kabla hajalipa, anauliza bei. Nilikuwa nimeshaandika pauni 20, nikamkumbuka kaka na kangomba yake, nikafuta. Niseme ngapi?

---

Kutoka: Kaka wa Shangani

Usimtajie kitu leo. Muulize kwanza kontena ikikwama siku moja bandarini analipishwa kiasi gani. Akikujibu, nipigie, nitakuwa macho mpaka saa nne usiku. Na mkaguzi huyo umeshamshukuru?

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Chikongola

Bado. Namwandikia sasa hivi.