Tupeane uzoefu: plagi ya injini (ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta) ikilegea, imewahi kukutesa?

Wakuu, salamu. Wiki jana nimelipa shilingi 120,000 bure, na uchungu huu sitaki kuubeba peke yangu.

Nina gari, Toyota Premio ya zamani. Natoka Masaka kuja Kampala, nimepita Lukaya, nikaanza kusikia chu-chu-chu-chu kila nikikanyaga mafuta. Nikiachia, kimya. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti vizuri: "Gasketi ya menifoldi hiyo, bosi," yaani kizibo cha pale bomba la ekzosi linapoungana na injini. Ikabadilishwa, nikalipa, nikawasha. Chu-chu-chu.

Mzee mmoja pale Katwe akachomoa waya wa silinda ya tatu. Mpira wake ulikuwa umeungua, shimo la plagi limejaa masizi yenye mafuta. Akaingiza soketi ndefu, akaizungusha kwa vidole viwili tu. Plagi ikazunguka kama kifuniko cha soda! Nikakumbuka: miezi miwili nyuma nilibadilishiwa plagi huku naharakishwa na simu. Ile ya tatu ilisahauliwa kukazwa.

Nyie yamewakuta yapi?

Boda wa Bweyale
Yangu haikulegea, iliruka. Nina abiria na gunia la mahindi, pikipiki ikalia paa! kama tairi limepasuka, ikazima. Nachungulia, plagi inaning'inia kwenye waya. Na mimi nilikuwa mtu wa kuikaza kila asubuhi, "kidogo tu" ili isilegee.

Fundi, Busia
Boda, hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyokuponza. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini plagi inapofungwa, ni alumini, plagi ni chuma. Ukiona uzi mweupe umejiviringisha kwenye plagi, ujue hizo ni nyuzi za hedi, ile mistari ya skrubu, zimeng'oka. Usinunue hedi mpya kwanza. Shimo linachongwa, linawekewa helikoili (koili ya chuma yenye nyuzi mpya), kazi inaendelea. Ila mwambie fundi apake grisi kwenye tapu, kile chuma cha kuchongea nyuzi, ili inase chenga. Chenga zikidondokea ndani zitakwangua silinda.

Mleta mada, kwa plagi za kwenye shimo refu kama zako sauti hudanganya kweli, hufanana na ekzosi inayovuja. Ila kwa plagi iliyo nje ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma, dondoshea maji ya sabuni kwenye shina lake. Povu likichemka, pumzi inatoka hapo. Angalizo: ule mzunguko wa kahawia kwenye kauri, juu kidogo ya chuma, si dalili ya kuvuja. Ni chembe za mafuta zinazovutwa na umeme mkali. Wengi wametupa plagi nzima kwa sababu yake.

Na msiichukulie kama kelele tu. Joto la plagi linatoroka kupitia nyuzi na washa yake, ile pete ya chuma inayobanwa chini yake. Ikilegea halina pa kwenda, ncha inakuwa nyeupe, inaanza kuwasha mafuta kabla ya wakati, hatimaye pistoni inatoboka.

Kufunga: injini iwe baridi. Anza kwa vidole mpaka igote, ikikataa toa uanze upya. Kisha spana. Plagi mpya yenye washa, nusu mzunguko. Iliyokwisha kutumika, washa imeshalala, basi sehemu moja ya 12 ya mzunguko inatosha. Isiyo na washa, yenye kitako cha mteremko, moja ya 16. Mwenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni mita): plagi ya milimita 14 yenye washa kwenye alumini ni Nm 25 hadi 30, ile ndogo ya milimita 10 ni Nm 10 hadi 12 tu. Na usipake oili kwenye nyuzi, utakaza kupita kiasi bila kujua.

Mama Saluni, Arua
Jenereta yangu ilikuwa ikikatakata, wateja wana dawa kichwani! Plagi imekaza vizuri kabisa. Kumbe kilicholegea ni kile kinati kidogo cha juu, pale kofia ya waya inaposhika. Koleo, sekunde tano. Kijana niliyemwita alishanitajia bei ya kabureta.

Mvuvi, Ziwa Albert
Mashine ya boti ilianza kupumua hivyo hivyo katikati ya maji, usiku. Spana ya plagi iko nyumbani. Tulipiga kasia. Siku hizi nimeifunga kamba kwenye boti.

Boda wa Bweyale
Fundi, sasa hiyo helikoili itashika na mizigo yangu hii?

Fundi, Busia
Itashika, ni chuma cha pua, nyuzi zake zinashinda zile za alumini. Ila spana ya asubuhi hiyo mpe mtu mwingine akutunzie.

Mleta mada
Nimetoka kuzipima zote nne, injini ikiwa baridi. Ya pili nayo imegeuka. Nawasha sasa hivi nisikie.